Vodou ya Haiti, Mbali na Sinema

Wengi wetu tunaifahamu Vodou, dini ya Haiti, kwa mambo mawili: mwanasesere wa kuchomwa pini na maiti anayetembea. La kwanza halina nafasi ya maana katika ibada za Haiti. La pili lipo, ila tumelielewa kinyumenyume. Mhaiti hamwogopi zonbi. Anaogopa kugeuzwa zonbi, yaani afe halafu anyimwe hata mapumziko ya kaburini, arudishwe kumlimia mtu mwingine. Babu zake walichapwa viboko katika mashamba ya miwa, basi hofu hiyo haihitaji maelezo.

Muumini wa Vodou anamwamini Mungu mmoja, Bondye. Ndiye muumba, lakini yuko mbali. Shida za kila siku hupelekwa kwa lwa, yaani roho walio karibu na watu, na hawa kila mmoja ana tabia yake. Mzee Legba, mwenye mkongojo, huitwa kwanza, maana asipofungua njia hakuna lwa mwingine atakayepita. Ezili Freda anapenda manukato na vito. Ezili Dantor ni mama mkali, usimguse mwanawe. Gede wa makaburini hunywa pombe kali iliyolowekwa pilipili, hutukana matusi ya nguoni mbele za watu, na sikukuu yake huangukia mwanzoni mwa Novemba. Nakiri huyu ananivutia kuliko wote: dini inayokipa kifo nafasi ya kufanya mzaha si dini ya kijinga.

Ibada huongozwa na kuhani, oungan, au, akiwa mwanamke, manbo, wala manbo si msaidizi wa mtu. Alama ya lwa huchorwa sakafuni kwa unga wa mahindi, ngoma zinalia, watu wanaimba kuzunguka nguzo ya kati ambayo lwa huipitia kushuka. Kisha anampanda mtu. Wahaiti humwita aliyepandwa farasi. Waganga wa pwani yetu wangesema kiti. Lwa hula, hucheza, huonya, hutoa dawa, hugombeza waume wazembe, na akishaondoka farasi wake kwa kawaida hakumbuki kitu. Haya yote hufanyika mbele ya majirani na watoto. Siri iko wapi hapo?

Ufaransa, iliyoitawala Haiti, iliagiza mwaka 1685 kwamba watumwa wote wa makoloni yake wabatizwe Wakatoliki. Watumwa waliotoka Dahomey (Benin ya leo) na Kongo wakapiga magoti mbele ya picha za watakatifu: kwa Patrick na nyoka wake wakamwona Danbala, lwa wa nyoka, na kwa Petro na funguo zake wakamwona Legba. Agosti 1791, inasimuliwa, mtumwa Boukman aliwalisha wenzake kiapo msituni, mahali paitwapo Bwa Kayiman, na muda mfupi baadaye mashamba yakawaka moto. Wanahistoria wanabishana kuhusu usiku ule. Uhuru wa Haiti wa 1804 haubishaniwi.

Baada ya tetemeko la Januari 2010, mhubiri Pat Robertson aliwaambia Wamarekani kwenye televisheni kwamba Wahaiti waliweka mkataba na shetani. Maneno ya namna hiyo yana gharama. Kipindupindu kilipolipuka mwaka huohuo, umati uliwaua watu zaidi ya 40, wengi wao oungan na manbo, kwa madai kwamba wameurusha ugonjwa kwa uchawi. Ulikuwa umeingia mtoni kutoka kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambao uliomba radhi mwaka 2016. Amri ya serikali ya 2003 iliyoitambua Vodou kuwa dini kamili haikuwaokoa.