Tuandikieni "brouillard givrant", msituandikie "ukungu"

Wiki hii mwenzetu mmoja kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Lyon, Ufaransa, alitutafsiria utabiri wa hali ya hewa. Wenyewe ulisema "brouillards givrants au petit matin". Yeye akaandika: "Kesho alfajiri kutakuwa na ukungu, vaeni makoti." Nia yake ilikuwa njema na namshukuru. Ila neno lililobeba hatari amelitupa, akabakiza lile ambalo mtu wa Limuru au Lushoto amelijua tangu utotoni na wala halimtishi.

Hatari iko kwenye "givrant", yaani unaogandisha. Matone ya ukungu huu yamepoa chini ya nyuzi 0 na bado ni maji. Yakigusa kitu chenye baridi, iwe waya, usukani wa baiskeli au reli ya daraja, yanaganda papo hapo. Ndiyo maana asubuhi kama hiyo utaona waya wa uzio umeota miiba myeupe upande mmoja tu, ule upepo unakotokea. Hiyo ndiyo givre, na angalau unaiona. Verglas huioni: ni utando mwembamba wa barafu angavu juu ya lami, na lami inaonekana imelowa kidogo tu. Mvua haijanyesha, theluji haipo. Mtu aliyeambiwa "ukungu" anakaza macho mbele kutafuta taa za magari. Chini hatazami.

Mama mmoja wa Bukavu aliteleza hivyo hivyo msimu wa baridi uliopita, kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Rhône, akiwahi kazi ya usafi kabla hakujapambazuka. Akavunjika kifundo cha mkono. Madaraja huwahi kuganda kwa sababu baridi inayapiga juu na chini, hakuna ardhi ya kuyahifadhia joto. Utabiri alikuwa ameusikia. "Brouillard" alilielewa, "givrant" likampita. Na huyu ni mtu aliyehudhuria kozi ya Kifaransa bila kukosa! Walimfundisha kuagiza kahawa na kusimulia likizo ambayo hajawahi kuipata. Neno "verglas" hakulisikia darasani hata mara moja. Hilo linaniuma, maana wanaotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kufagia maofisi na kupanga bidhaa maghalani ni watu wetu, na saa hizo ndizo za ukungu huo.

Msidhani pia ramani ya rangi ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, itatuokoa. Ile inaonya kuhusu upepo mkali, mafuriko, radi, theluji na verglas, joto kali na kadhalika. Ukungu haumo kwenye orodha yake. Ramani inaweza kuwa kijani kitupu, yaani haina onyo lolote, na wewe ukaamkia mji usioonekana. Onyo lote linabaki kwenye neno moja ambalo msomaji wa habari analitaja mbiombio.

Kuna aliyependekeza tuseme "ukungu wa barafu" yaishe. Nakataa. Wataalamu wa hali ya hewa wana "brouillard glacé", nao ni ukungu mwingine kabisa: chembe za barafu zinazoelea hewani kwenye baridi kali kupindukia, ya Siberia au kaskazini mwa Kanada. Huu wetu ni wa maji, na umaji wake ndio unaotuangusha. Ndugu zetu walioko Kanada nao wasishangae, utabiri wa kwao husema "brouillard verglaçant". Jambo ni lile lile.

Nakubali, shingo upande, kwamba mgeni ana mengi ya kushika kabla ya haya: makaratasi ya ukaazi ya préfecture, ofisi ya serikali, nyumba, shule ya watoto. Tofauti ya "brume" na "brouillard" anaweza kuiacha kwanza. Usipoona umbali wa kilomita 1 ni brouillard, ukiona zaidi ni brume, na Wafaransa wenyewe wanayachanganya kila siku. (Brume ilishafika hata kwetu: rubani anayetua Nairobi asubuhi ya Julai akikuta herufi BR kwenye taarifa ya uwanja, zimetoka kwenye neno hilo.) Na wale wanamapinduzi wa Ufaransa waliotunga kalenda mpya mwaka 1793 waliona mambo haya yana uzito wa kuitwa miezi: Brumaire, kisha Frimaire, kutoka "frimas", ukungu mzito unaoganda unapotua. Wakulima wao walihitaji kujua. Sisi tunahitaji vile vile.

Kwa hiyo ninaomba hivi. Anayetuma utabiri aache sentensi ya Kifaransa kama ilivyo, ili sikio liizoee, halafu chini yake aandike kwa Kiswahili cha kueleweka: barabarani kutakuwa na barafu usiyoiona, shika reli kwenye ngazi, baiskeli isukume ukifika darajani. Kwa wenye magari aongeze kwamba usipoona mbele mita 50, sheria inakutaka usizidi kilomita 50 kwa saa, hata kwenye autoroute, barabara kuu ya mwendo kasi. Na wanaotufundisha Kifaransa Jumamosi waweke givre, verglas na brouillard givrant kwenye somo la Novemba. Likizo tutaizungumzia Machi.