Pete za ulinzi hazifuti kelele ya geti

Sehemu ya analogi ya chipu ikichafuliwa na kelele ya umeme ya jirani yake wa kidijitali, ushauri ni uleule: zungushia pete ya ulinzi (ukanda wa kunasa kelele), sogeza mbali. Ushauri huo unakera, kwa sababu kwenye silikoni yenye tabaka jembamba la epi (silikoni iliyooteshwa juu) kwenye substreti (msingi wa chipu) yenye dopanti nyingi (chembe za kuongeza upitishaji umeme), umbali ukishapita takriban mara 4 ya unene wa epi hausaidii tena. Substreti nzima inatikisika pamoja. Pete hufaa kwenye substreti yenye dopanti chache, basi.

Tuanzie kelele inakozaliwa. Geti za CMOS, yaani saketi za kawaida za mantiki ya kidijitali, zikibadilika kwa pamoja hunyonya mkondo kwa ghafla. Mkondo ukipanda 20 mA ndani ya 1 ns kupitia waya wa pini wenye 5 nH, ardhi ya kidijitali inaruka 100 mV. Na kwa kuwa seli nyingi zimeunga substreti kwenye ardhi hiyohiyo, mruko wote unapenya moja kwa moja. Tenganisha muungano huo, upe substreti pini yake. Ukiongeza kapasita ya 100 pF ndani ya chipu, kumbuka kwamba pamoja na ile 5 nH inapiga mwangwi karibu na 225 MHz; bila rezista ya ohm 7 hivi mfululizo na kapasita, umehamisha tatizo tu.

Dawa ya kweli ni geti tofautishi (yenye pande mbili zinazopingana) inayohamisha mkondo toka upande mmoja kwenda mwingine badala ya kuuwasha na kuuzima. Chanzo cha mkondo cha 50 µA, jozi ya transista, rezista mbili za 8 kΩ: tokeo linacheza 400 mV tu, na chanzo cha umeme kinaona mkondo ule ule karibu muda wote. Karibu, si kabisa. Maingizo yakikutana chini mno, transista zote mbili zinakosa nguvu, nodi inayounga jozi na chanzo cha mkondo inashuka, na kapasita yake inatema mruko. Punguza ukubwa wa nodi hiyo. Sawazisha pia nyaya za pande mbili, maana upande mmoja ukiwa mrefu faida inapotea.

Nakubali, gharama inauma: geti 1,000 za aina hii zinakula 50 mA, yaani 60 mW kwa 1.2 V, hata zikiwa zimetulia. Geti 1,000 za CMOS, kila moja na 10 fF, kwa 1.2 V hiyohiyo, 100 MHz na shughuli ya asilimia 10, hula takriban 0.14 mW. Ndiyo maana kuzijaza chipu nzima ni kosa kubwa sawa na kuzikataa kabisa. Ziweke kwenye saa ya kuchukua sampuli (mpigo unaoamua lini ishara ya analogi inapimwa), vigawanyi vyake na geti zinazobadilika karibu na ukingo wa saa hiyo. Kwingineko acha CMOS, ukisogeza kingo zake mbali na wakati wa sampuli. Kibadilishi cha 400 mV kwenda volti kamili kikae upande wa kidijitali, kwenye ardhi ya kidijitali, kwani chenyewe ni CMOS na kina kelele zake.