Mzee kalala, msimwamshe

Zamani sisi tulioko nje tuliitwa wabeba maboksi. Mimi sijabeba boksi hata moja, naosha wazee. Huu ni mwaka wa 9 nipo kwenye nyumba ya kulelea wazee kaskazini mwa Uingereza, na kila asubuhi kabla sijanywa chai nakuwa nimeshakagua makalio ya watu 10 au 11 ambao si ndugu zangu wala majirani zangu.

Sikagui kwa udaku. Mtu asiyeweza kujigeuza, popote mfupa wake unapokaribiana na ngozi, damu hubanwa kati ya mfupa na kitanda: mwisho wa mgongo pale juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, hata sikio la anayelalia ubavu. Nyama ikikosa damu kwa saa kadhaa huanza kufa, na mara nyingi huanza kufa kwa ndani. Juu unaona alama ya ukubwa wa sarafu, chini yake kumbe kuna shimo. Ndivyo vidonda vya kulalia.

Baba yangu alipata kidonda hicho kwetu Muheza, mwaka mmoja baada ya kiharusi, na zilipita kama wiki 3 kabla mtu yeyote hajajua. Mama alisikia harufu akadhani panya amefia uvunguni.

Siku hiyo ndiyo iliyonimalizia hotuba yangu. Kila Mtanzania wa huku anayo hotuba hiyo: Wazungu wanatupa wazee wao, sisi tunakaa na wetu mpaka mwisho. Nimeitoa kwenye harusi, nimeitoa kwenye misiba, nimeitoa ndani ya basi la kwenda kazini. Na kweli nyumbani watu hawakukosekana. Mama yupo, kaka yupo, wifi yupo, watoto wamejaa, majirani hawaishi kupiga hodi kuja kumsalimia mzee. Kazini kwetu usiku tuko 2 tu kwa wazee zaidi ya 20. Sasa kidonda kilipataje nafasi kwenye nyumba ile?

Niliuliza kwa simu, kidogo kidogo, kwa sababu maswali yenyewe hayaulizwi hivi hivi. Nani anamwogesha Baba? Kaka. Anamwogeshaje? Anamwachia kikoi kiunoni, anapitisha kitambaa kwa chini, macho ameyatupa dirishani. Mtoto wa kiume hatazami utupu wa baba yake. Wifi je? Anampikia uji, anamfulia mashuka, anampa dawa kwa saa zake, lakini yule ni mkwe wake. Mwenye ruhusa ni Mama, na mgongo wa Mama hauwezi kumpindua mtu wa kilo 80. Usiku je? Usiku mzee kalala, nani amwamshe? Alipokuwa mzima, akijilaza mchana nyumba nzima tulikuwa tunanyata. Itakuwa sasa anaumwa?

Kidonda kilikuwa mahali ambapo hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyeruhusiwa kupatazama. Na mimi, bingwa wa kukagua makalio ya Waingereza, sidhani kama ningekuwa pale ningethubutu.

Nikafanya kile tunachofanya tulio mbali: nikatuma kitu. Godoro la upepo. Lina mirija mipana iliyolala kukatiza kitanda, na pampu ya umeme huijaza kwa zamu. Huu ukijaa, jirani yake unanywea, na kila baada ya dakika kama 10 wanapokezana, ili mwili usielemee sehemu moja. Huku mgonjwa akiwa nyumbani kwake na muuguzi wa mtaa akaona hali yake inahitaji, godoro la namna hiyo huletwa mpaka mlangoni kwa mkopo, bila malipo. Langu nililinunua limetumika, nikalitia kwenye pipa, likafika Tanga baada ya miezi 3. Picha zilipigwa. Mtaa mzima ulikuja kulibonyeza.

Wiki ya pili umeme ukakatika usiku. Kunapambazuka, Baba amelalia chaga, kati yake na mbao kuna plastiki tu, maana kaka alikuwa ameliondoa godoro la sponji ili hilo jipya likae vizuri. Umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo, na pampu haikunguruma tena. Siku hizi linafunikia kuni.

Kwa hiyo wenzangu mnaopakia mapipa, kama nyumbani hakuna umeme wa kuaminika au sola yenye betri, msitume hilo dude. Hata huku, mtu mwenye hatari huanza kupewa godoro la sponji nzuri. La pampu ni kwa wale ambao sponji haiwatoshi. Na sponji nzuri ipo kwetu. Fundi makochi alitukatia vipande viwili, kigumu cha chini na laini cha juu, kwa bei isiyofika nusu ya nauli ya pipa. Kulijua godoro lililokwisha si kazi: mgonjwa akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro, usawa wa makalio yake. Ukihisi mfupa umekukalia mkono, hilo si godoro tena. La Baba lilikuwa la inchi 6 kwa jina tu. Lilikuwa na bonde lenye umbo lake.

Mengine ya nyumbani niliyapiga marufuku kwa simu na nikagombana na watu. Ule mpira mzito wanaotandika chini ya shuka unaunguza ngozi kwa jasho na mikunjo yake inachora mwilini. Kusugua sehemu inayoanza kuharibika kwa spiriti au Vaseline, eti damu itembee, kunaichubua nyama iliyokwisha kuchoka. Mwongozo wa Uingereza wa 2014 unakataza kabisa kusugua kwa ajili ya kuzuia vidonda hivi. Na ule mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, anaokalishwa mzee kama vile yai kwenye kata: katikati panaelea kweli, lakini pembeni panabana mduara mzima, na damu haipiti kufika katikati.

Kwenye viti vya magurudumu kuna mto mmoja wa Kimarekani wenye vifuko vya hewa vilivyosimama kama matiti ya mbuzi, unaitwa ROHO. Siku ya kwanza kusikia muuguzi akiniambia nikaangalie kama roho ya mgonjwa ina upepo wa kutosha, nilicheka peke yangu hadi nikaulizwa kama nina shida. Mto mzuri, lakini unataka mtu wa kuingiza mkono chini yake kila siku na kupima upepo. Tunarudi palepale, kwenye mkono wa mtu.

Maana hakuna godoro linalomgeuza mtu. Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani, alifungua wodi ya waliovunjika uti wa mgongo pale hospitali ya Stoke Mandeville, huku Uingereza, mwaka 1944, wakati askari wa namna hiyo walikuwa wakihesabiwa maiti. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku kama mchana, na watu wakaishi. Huku mambo hayo yameshakuwa makaratasi. Kuna fomu ya muuguzi Judy Waterlow ya mwaka 1985, tunajumlisha alama za umri, uzito, mkojo, lishe, mwendo; ukifika 10 una hatari, ukifika 20 hatari ni kubwa mno. Kuna fomu ya kugeuza, tunasaini. Nisiwafiche: mahali nilipoanzia kazi nimewahi kukuta saini za usiku mzima kwa bibi ambaye mkunjo wa shuka ulikuwa umezama shavuni mwake. Pampu ilikuwa inanguruma vizuri tu, na kila aliyepita aliisikia akaendelea na safari.

Jambo moja mafunzo hayakunipa vizuri. Walitufundisha tutafute wekundu usiotoweka ukibonyeza. Wekundu upi kwa Baba yangu? Kwenye ngozi nyeusi unatafuta kwa mkono: palipopata joto, au pakawa pagumu, au panang'aa na kuwa peusi zaidi ya jirani yake. Nilimwambia kaka afumbe macho kama anaona haya, ila mkono upite.

Hakuweza. Aliyeweza ni mwanawe, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amekaa tu baada ya kumaliza kidato cha nne. Babu na mjukuu ni watani. Hapo hakuna mkwe, hakuna mwana wa kuogopa radhi. Nilimfundisha kwa simu ya video: mgeuze upande kidogo tu, nusu chali, ukimkita mto mgongoni, usimsimamishe juu ya nyonga, mto mwingine chini ya vigimbi ili visigino vielee, msimburute, mnyanyueni kwa shuka mkiwa wawili. Simu yake inalia kila baada ya saa 4, na mimi namtumia hela kila mwisho wa mwezi, mshahara kabisa, sio "ya soda".

Kidonda kilichukua miezi 7 kuziba. Jana usiku alinitumia ujumbe wa sauti. Shikamoo shangazi, tumeshampindua. Nyuma yake nasikia Baba anatukana kwa ulimi wake mzito wa kiharusi, Mama anacheka, na kijana anamwambia, "Geukia huko ukutani, mzee, umemtazama sana mke wangu."