Umeme Unaporudi Jikoni

Moto wa jikoni unapotajwa, wengi wetu huwaza kwanza mtungi wa gesi. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama sakafuni hadi ikutane na cheche. Mimi, hata hivyo, naliogopa zaidi jiko la umeme la koili, na hasa saa ambayo umeme haupo.

Mtu amebandika maharage, umeme unakatika. Anasubiri, anachoka, anayahamishia kwenye jiko la mkaa au anatoka kabisa kwenda kwenye shughuli zake, na swichi inabaki ilipokuwa, kwa sababu jiko lililopoa halimkumbushi mtu chochote. Umeme ukirudi, taa hujitangaza. Koili hurejea kimya ikawa nyekundu, na ikiwa juu yake kuna sufuria iliyokauka, au pembeni kuna kitambaa cha kuepulia, moto hauko mbali. Birika la umeme lina afadhali, maana mengi hujizima maji yakichemka.

Wapo wanaojiliwaza kwamba fyuzi ya plagi au sakiti breka itakata. Haitakata. Vifaa hivyo hushughulika na mkondo uliozidi kiasi, ilhali jiko la wati 2,000 lililosahauliwa huvuta takriban ampea 9 katika umeme wa volti 230, sawasawa na linalopika mwenyewe akiwa amesimama mbele yake, na kwa fyuzi ya ampea 13 hapo hakuna kosa lolote.

Hatari hii huwa kubwa zaidi katika nyumba za kupanga zenye wapangaji wengi na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Uniti zinaisha asubuhi, mpangaji mmoja anakwenda kazini bila kuzima jiko, kisha adhuhuri mwenzake wa chumba cha nyuma, kwa wema tu, ananunua tokeni na kuiingiza, na papo hapo anawasha jiko lililo ndani ya chumba chenye kufuli. Nilipokuwa mpangaji tulishtuliwa na harufu ya plastiki inayoungua. Tulivunja mlango, na kwa bahati hasara ikaishia kwenye ndoo na pazia. Mwenye jiko hakuwa mzembe kutuzidi sisi wengine.

Ndiyo maana kuhimizana uangalifu peke yake naona hakutoshi, ingawa nyumbani kwangu umeme ukikatika mkono huenda kwenye swichi ya jiko kabla ya kutafuta tochi. Mwenye nyumba ya kupangisha angepaswa kumwagiza fundi umeme aweke karibu na mita sakiti breka ya kila chumba, ili anayeingiza tokeni avizime kwanza vyumba ambavyo wenyewe hawapo. Atakayelalamika, najua, ni mwenye friji iliyojaa samaki. Huyo amwachie jirani ufunguo.