Asubuhi Moja Harar, Kamera Zikiwa Chumbani

Bibi yangu wa Marangu amepigwa picha na wageni mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anatoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo uko kichwani, gari linapunguza mwendo, kioo kinashuka, kamera inalia, gari hilo linakwenda zake. Sura yake imo kwenye simu za watu asioweza hata kuwataja. Yeye mwenyewe ana picha moja tu, ya kitambulisho, na haipendi.

Nilikuwa na jambo hilo moyoni nilipojiunga na safari ya utamaduni na upigaji picha huko Harar, mashariki mwa Ethiopia. Tulikuwa wanane, kiongozi akiwemo. Kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unaruka hadi Addis Ababa, unachukua ndege nyingine mpaka Dire Dawa, kisha gari linapanda milima kwa saa moja hivi.

Asubuhi ya kwanza kiongozi alituomba tuache kamera chumbani. Wawili walinuna, wakasema mwanga wa asubuhi ndio walioulipia. Kwangu mimi, asubuhi ile peke yake ilirudisha nauli yote. Tuliingia Jugol, mji wa kale uliozungushiwa ukuta tangu karne ya 16, tukapita vichochoroni mikono mitupu, tukisalimia watu. Kuna mtaa unaitwa Makina Girgir, jina lililotokana na mlio wa vyerehani. Mafundi wamejipanga huku na huku, kama wanavyokaa kwenye vibaraza vya maduka Moshi mjini. Nilisimama kwa mzee mmoja, nikamwonyesha mshono wa shati langu uliofumuka, akaushona. Kesho yake niliporudi na kamera, yeye ndiye aliyeniita.

Mchana tulikaribishwa kwenye nyumba ya Kiharari, ukuta mzima umejaa vikapu na sahani za rangi. Mama mwenyeji alikaanga kahawa mbele yetu huku ubani ukifuka, akaitwanga, akaichemsha kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Vikombe huwa vitatu: abol, tona, na cha mwisho baraka. Neno letu lilelile! Wenzangu walishangaa nilivyolidaka bila mkalimani. Hata saa wanahesabu kama sisi, kuanzia macheo. Tulipoambiwa tukutane saa mbili asubuhi, ni mimi tu ambaye sikuhitaji kufafanuliwa.

Kikombe hicho cha tatu ndicho kinachonifanya nitetee vikundi vidogo. Watu thelathini hawaenei sebuleni kwa mtu, na basi lao haliwezi kungoja nje mpaka kahawa ichemke mara tatu. Wanaishia kupiga picha za milango.

Lakini uchache wa watu peke yake hautoshi. Siku ya soko, mwenzetu mmoja alitoa lenzi ndefu, akamlenga mama muuza mboga kutoka mbali. Mama yule alivuta shela akajifunika uso. Nilimwona Bibi kabisa. Jioni nilimsimulia mwenzangu habari za Marangu, akafuta picha zile mbele yangu, na nilimheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo wewe wa Arusha au Moshi unayeweka akiba ya safari kama hii, usianze na bei. Uliza mtalala usiku mingapi mahali pamoja. Uliza wenyeji wanaowapokea wanalipwaje, na picha zao zitawafikiaje. Ratiba ya miji mitano kwa siku sita achana nayo. (Kadi ya homa ya manjano na viza shughulikia mapema, usingoje wiki ya mwisho.) Na kampuni za utalii za hapa kwetu, ambazo kila siku zinapitisha wageni kwenye migomba yetu, nazo ziwaambie wageni wao washuke garini wasalimie kwanza. Shikamoo haihitaji wiki nzima kufundishwa.

Niliporudi nilimpelekea Bibi kahawa ya Harar. Aliinusa, akasema imekaushwa na ganda lake, si kama yetu ya kumenya na kuosha. Alipatia. Tulipofika kikombe cha tatu nilimwomba nimpige picha.

"Ngoja," akasema, akaingia ndani kutafuta kitenge chake cha kanisani.