Siku Ambazo Wageni Hawajaja

Kilichonichefua safari hii ni karatasi moja tu: profoma, yaani makadirio ya bei unayopewa kabla ya kulipa. Dada yangu mmoja, binti wa mama mdogo, ni mwalimu wa sekondari huku Temeke. Alikuwa anatafuta ukumbi wa umma kwa nusu siku, shule chache za kata zifanye mdahalo wa Kiswahili. Zawadi zenyewe daftari na kalamu. Ukumbi siutaji, waliomhudumia walikuwa waungwana na wanatekeleza walichoambiwa. Lakini karatasi! Ukumbi, ongeza VAT asilimia 18, ongeza vipaza sauti, ongeza usafi, na chakula lazima kitoke kwa mzabuni wao. Hadi maji ya kunywa. Bei yenyewe ina tarakimu za ajabu mpaka senti, unaona kabisa iliwazwa kwa dola kisha ikapitishwa kwenye kikokotoo. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni humu nchini, basi wamebadili sarafu, mteja waliyemkusudia ni yule yule.

Mdahalo ulifanyika uwanjani, chini ya turubai. Watoto wakashindana na spika ya baa jirani.

Sasa tuuzungumzie ukumbi wa mikutano tunaoujua wote, wa Mwalimu Nyerere pale Mtaa wa Shaaban Robert. Ulijengwa kwa fedha za China, ukafunguliwa mwaka 2013 Xi Jinping alipokuja. Mwendeshaji wake ni AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, shirika la umma lililoundwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika na kutuachia yale majengo. Na AICC iko chini ya wizara gani? Mambo ya Nje. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ukumbi uko Ilala, umeme wa Ilala, foleni ya Ilala, halafu mwenye ufunguo ni wizara ambayo kazi yake kwa jina lake ni kuangalia nje. Utashangaa kwa nini mlango umeelekea Airport?

Januari 2025 ulipofanyika hapo mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika, ule wa kuwafikishia umeme watu milioni 300, barabara za mjini zilifungwa na watumishi wa umma Dar wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani kwa siku mbili. Haya. Mama ntilie wa Posta yeye afanyie wapi? Apike pilau mtandaoni? Hao milioni 300 wanaosubiri umeme, nina hakika baadhi walikuwa wanauza karanga pale pale kwenye vizuizi.

Najua mtakachosema. Mikutano inaleta fedha. Ni kweli, hoteli zinajaa, madereva wa teksi wanapumua, wakalimani, wapiga picha na wapambaji wanakula. Nakubali pia kwamba Agosti 2019, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walipokutana pale na Kiswahili kikapitishwa kuwa lugha ya nne rasmi ya jumuiya hiyo, nilitembea mjini kifua mbele kama niliyekipitisha mimi. Sitaki mikutano ifukuzwe. Marais waje.

Ninachouliza ni kuhusu siku ambazo hawajaja.

Ukumbi wowote una siku za kulala. Siku hizo mlinzi analipwa vilevile, fundi wa viyoyozi analipwa vilevile, jengo linachakaa vilevile. Na siku ya ukumbi haihifadhiki. Jumanne iliyopita haiwezi kuuzwa wiki ijayo, si saruji hiyo useme itakaa ghalani. Kwa hiyo shule ikilipa gharama halisi ya umeme, usafi na ulinzi wa nusu siku, shirika halijapoteza hata shilingi, kwa sababu mteja wa dola hakuwepo. Hiyo si sadaka. Ni hesabu ambayo mwenye gesti ya Manzese anaijua vizuri, chumba kikikosa mgeni hadi saa tano usiku, bei inashuka. Lakini mashirika yetu ya umma yanapimwa kwa gawio, fedha wanazoipa serikali. Kila mwaka tunaonyeshwa hundi kubwa kama mlango zikikabidhiwa, makofi, picha. Sijawahi kuona hundi iliyoandikwa: "Shule 40 zimeutumia ukumbi." Meneja atahangaikia kitu kisichoandikwa kwenye hundi kwa sababu gani?

Na wala hatujaanzia hapa. Ukumbi wa Karimjee, familia yenyewe ililikabidhi jengo kwa umma miaka ya hamsini, na Bunge la Tanganyika huru likakaa humo. Leo mtu wa kawaida anaingia Karimjee akienda kuaga mwili wa mtu maarufu, basi walau anaingia. Ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, waulizeni wazee wa Kariakoo habari za dansi. Hizo zilikuwa kumbi ambazo kijana alijua mlango uko wapi bila kuonyeshwa barua yenye mhuri.

(Kuhusu sharti la mzabuni wa chakula nitaandika siku nyingine nikiwa nimetulia. Sambusa mbili kwa bei ile!)

Kwa hiyo nataka vitu vya kawaida kabisa. Kalenda ya ukumbi ibandikwe hadharani tuone siku zilizo wazi. Siku hizo, zikikaribia bila mteja, ziwe na bei ya shule, vikundi vya sanaa na vyama vya mtaa, iandikwe na ijulikane, isiwe ya kumjua mtu. Na jiji liwe na mtu kwenye bodi ya AICC, mmoja tu.

Wabunge wetu wa Dar mko kumi na zaidi. Bajeti ya Mambo ya Nje ikisomwa Dodoma, mmoja wenu asimame aulize: mwaka uliopita ni shule ngapi za serikali za mkoa huu ziliingia ukumbini kwa shughuli zake zenyewe, na zililipa shilingi ngapi? Watoto waliopangwa mstari na bendera kumpokea mgeni wasihesabiwe.