Maji Yanayoingia Ziwa la Chumvi Hayapotei Bure

Kila panapopangwa bwawa au mradi wa umwagiliaji kwenye mto unaoishia katika ziwa la chumvi, hutokea mtu akasema kwamba maji hayo yanapotea bure, kwa kuwa yakishafika ziwani hayanyweki wala hayafai shambani. Siikubali kauli hii, na ninaamini imeyadhuru maziwa ya aina hiyo kuliko ukame wowote.

Ziwa la chumvi halina mto wa kutoka. Mito huingia ikiwa imebeba madini kidogo kidogo kutoka milimani, jua huyapandisha maji hewani, na madini hubaki. Ukipunguza mto, ziwa halina pengine pa kujazia: husinyaa, na chumvi ileile hubanana katika maji machache.

Wengi hudhani kwamba humo hamna uhai. Aina za viumbe ni chache kweli, lakini idadi yao ni kubwa mno, kwa sababu chumvi ikizidi samaki ambao wangewala hawawezi kuishi. Mtazame artemia, mdudu wa maji wa jamii ya kamba, mwenye urefu wa kama sentimita 1, anayeogelea chali huku miguu yake ikipepea juu bila kutulia. Hali inapokuwa mbaya hutaga mayai ya kahawia yenye ganda gumu, madogo kiasi cha kudhaniwa vumbi, ambayo huweza kukaa makavu kwa miaka kadhaa na bado yakaanguliwa ndani ya siku moja au mbili yakikutana na maji ya chumvi. Katika Ziwa Mono, California, yuko nzi anayeteremka chini ya maji akiwa ndani ya kiputo cha hewa kilichoshikwa na vinyweleo vyake, akala mwani, akataga mayai, kisha akaibuka mkavu. Ndege wanaohama hutua hapo kujinenepesha kwa nzi na artemia hao kabla ya safari ndefu, na mimi sijui karamu nyingine inayoandaliwa na viumbe wadogo kiasi hicho.

Viumbe hawa, pamoja na ustahimilivu wao, wana kikomo. Mwaka 2022, Great Salt Lake ya Utah iliposhuka hadi kina cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa, chumvi katika upande wake wa kusini ilifikia takribani asilimia 19, na nzi na artemia wakaanza kuelemewa. Maji yakizidi mno nayo huleta madhara: Ziwa Nakuru lilipofurika, magadi yake yalizimuliwa, chakula cha heroe wadogo kikapungua, nao wakatawanyika kwenda kutafuta maziwa mengine.

Ndiyo maana sioni faida kubwa ya kutangaza ufuo kuwa hifadhi huku mto ukigawanywa mbali na macho ya wahifadhi. Mfano unaonipa moyo ni huohuo wa Mono. Jiji la Los Angeles lilianza kuchepusha vijito vyake mwaka 1941, ziwa likashuka kwa takribani mita 14, na kufikia mwaka 1979 kisiwa walichokuwa wakizalia shakwe kilikuwa kimeungana na nchi kavu, koyote, wanyama wa porini wa jamii ya mbwa, wakavuka na kuwafikia. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba haki za kuchukua maji lazima zipimwe pamoja na wajibu wa dola wa kulilinda ziwa kwa niaba ya umma, na mwaka 1994 kiliwekwa kina ambacho ziwa linapaswa kurudia. Miaka 30 baadaye kina hicho kilikuwa bado hakijafikiwa, jambo linaloonyesha jinsi kurudisha kulivyo kugumu kuliko kuzuia.

Gharama ya kuchelewa hulipwa pia na wanadamu. Sakafu ya Ziwa Owens, lililokaushwa na jiji hilohilo, ikawa chanzo cha vumbi jingi lenye madhara, na udhibiti wake umekula zaidi ya dola bilioni 1. Upepo wa Aral, ziwa la chumvi la Asia ya Kati lililosinyaa baada ya mito yake kuchepushwa kumwagilia pamba, nao hurusha chumvi na mabaki ya dawa za pamba hadi vijijini.

Ninachotaka ni kwamba kila kibali cha kuchota maji katika mto wa namna hii kitaje kina cha ziwa ambacho hakitavunjwa, na kisitishwe pale kina hicho kinapofikiwa, hata kama mashamba ya juu bado yana kiu.